Kashata, mipira ya chokoleti na ubuyu wa Krismasi: vikigoma, tafuta kosa kwa dalili

Vitafunwa vitamu visivyohitaji oveni huharibika kwa njia chache, na karibu zote zinatokana na maji yaliyobaki ndani au joto na unyevu wa nje. Dodoma mambo hayo hukutana Desemba. Mvua zinaanza, hewa iliyokuwa kavu tangu Mei inajaa unyevu, na jikoni mchana joto hupita nyuzi 30. Ndiyo maana kashata iliyotoka ngumu Septemba inanata Krismasi, ingawa kipimo ni kile kile.

Kabla ya kuongeza sukari, soma dalili. Sukari ya ziada ndiyo dawa inayokimbiliwa kwanza, na mara nyingi ndiyo inayomaliza kuharibu kilichokuwa bado kinaokoleka.

Vipimo vya kulinganishia

Linganisha na ulichotumia. Tofauti ikiwa kubwa, kosa umeshalipata.

- Kashata ya karanga: karanga zilizokaangwa na kupepetwa nusu kilo, sukari gramu 400, maji robo kikombe, maji ya ndimu nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo.
- Kashata ya nazi: nazi mbili zilizokunwa, sukari gramu 350, maji nusu kikombe, iliki.
- Mipira ya chokoleti: biskuti zilizotwangwa gramu 300, maziwa mazito matamu ya kopo gramu 300 (robo tatu ya kopo la kawaida), unga wa kakao gramu 30, siagi iliyoyeyushwa gramu 50.
- Ubuyu: ubuyu wa mbegu nusu kilo, sukari robo kilo, maji robo tatu ya kikombe, rangi ya chakula, iliki, chumvi, na pilipili ya unga kwa anayeipenda.

Jambo moja la mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mwenye kipimajoto cha sukari apunguze nyuzi 4 kwenye hatua za shira zilizoandikwa kwa watu wa pwani: palipoandikwa 114, hapa ni 110. Ukisubiri ifike 114, umeshapitiliza. Rangi ya sukari inayogeuka kahawia haifuati mwinuko, hapo amini macho.

Asiye na kipimajoto hajapungukiwa. Weka bakuli la maji baridi pembeni ya jiko, dondoshea tone la shira. Likitawanyika, bado. Likikusanyika ukalifinyanga kwa vidole, linafaa kashata ya nazi. Likiwa gumu papo hapo na kuvunjika kwa mlio, linafaa kashata ya karanga.

Dalili: kashata ya karanga inanata, inapinda badala ya kuvunjika

Sababu ya kwanza, inayozipita nyingine zote kwa mbali, ni shira kuepuliwa mapema. Povu jingi halimaanishi imeiva. Ni maji yanayoondoka. Subiri mapovu yawe makubwa na mazito, rangi iwe ya chai ya rangi, kisha jaribu kwenye maji baridi.

Namna ya kuokoa: vunja vipande, rudisha nusu nusu kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, koroga mfululizo mpaka shira ilegee na rangi ikolee. Ukirudisha yote kwa pamoja, karanga za chini zitaungua kabla ya zile za juu kupata moto.

Sababu ya pili ni kuachwa wazi. Vunja kipande uangalie: katikati pakavu na pagumu lakini nje panateleza na kunata, basi kashata imevuta unyevu wa hewa, haikukosewa jikoni. Ipake ufuta uliokaangwa au karanga zilizotwangwa laini, halafu ifungie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Usiikimbizie kwenye friji. Ikitoka humo baridi, mvuke wa hewa unaigandia na inanata mara mbili.

Ya tatu ni asali au ndimu nyingi. Asali ya Singida na Manyoni ni nzuri sana, na watu hupenda kuitia ili zawadi iwe na ladha ya nyumbani, lakini asali inavuta maji kutoka hewani. Ikizidi vijiko viwili vya chakula kwa kipimo cha hapo juu, kashata haitakauka msimu wa mvua hata uipike vipi. Ndimu nayo ina faida kwa matone: inazuia sukari kurudi chenga. Ikizidi inaivunja sukari kuwa aina mbili nyepesi zaidi, na mojawapo hunyonya unyevu kwa nguvu. Kashata ya namna hii haina dawa ya kuirudisha kuwa ngumu. Itwange, changanya na maziwa ya unga, fanya viduara, uvipe jina jipya.

Mwisho, mara chache, ni karanga zilizooshwa zisikauke, au zilizokaangwa nje tu. Tafuna moja kabla ya kuanza. Ikikosa mkwaruzo, rudisha kwenye kikaango.

Dalili: sukari imekuwa nyeupe na chengachenga

Hapa sukari imerudi kuwa sukari. Inatokea zaidi kwa anayekoroga shira baada ya kuchemka. Koroga mwanzoni tu, sukari iyeyuke. Ikishachemka weka mwiko chini, zungusha sufuria yenyewe. Kisha tazama kuta za sufuria: punje zilizoganda juu zikianguka ndani zinaambukiza shira yote. Zifute kwa brashi iliyoloweshwa maji, au funika sufuria dakika mbili mvuke uzioshe.

Kama karanga hazijaingia, ongeza maji robo kikombe na matone ya ndimu, anza upya kwa moto mdogo. Kama zimeshaingia na zimevaa unga mweupe, usitupe. Endelea kukoroga kwa moto mdogo. Ule weupe utayeyuka tena taratibu, ugeuke kahawia na kushika karanga. Inachukua muda na mkono unachoka, lakini inarudi.

Dalili: kashata ina uchungu

Onja kwanza kipande cha sukari kisicho na karanga. Kikiwa kichungu, sukari imeungua, na sukari iliyoungua haitibiki. Mara nyingi kosa ni sufuria nyembamba juu ya mkaa uliokolea. Sogeza mkaa pembeni, weka sufuria nzito, na epua kabla rangi haijafika unayoitaka, kwa sababu joto la sufuria linaendelea kupika.

Sukari ikiwa salama, uchungu uko kwenye karanga. Inawezekana zimeungua, au ni za muda mrefu na mafuta yake yameharibika, au zina ukungu. Wakati mwingine ni mafuta ya alizeti ya kukamua mtaani yaliyopakwa kwenye sinia: ni mafuta mazuri kwa mboga, lakini harufu yake ni nzito na kashata inaibeba. Paka kidogo sana, au tumia yaliyosafishwa.

Kwenye ukungu simama kabisa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na fangasi wa ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa hasa mahindi, na karanga ni zao jingine linaloshambuliwa sana na fangasi hao. Kukaanga hakuondoi sumu hiyo, wala sukari haiifichi ikawa salama. Chambua kabla ya kukaanga: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa au yenye vumbi la kijani au njano, toa. Ukiziona nyingi ndani ya kilo moja, acha kilo yote, usiwape hata kuku. Na kwa kuwa karanga safi kwa macho nayo yaweza kuwa na sumu, nunua zilizokaushwa vizuri, zikatike kwa mlio, zisizolazwa kwenye gunia lenye unyevu. Zawadi ya sikukuu inakwenda kwa watoto wa watu.

Dalili: kashata ya nazi haigandi

Nazi inasafiri kutoka pwani mpaka sokoni Dodoma, na nyingine hufika zimeanza kuchacha. Vunja, nusa maji yake na onja nyama kabla ya kukuna. Uchachu wa nazi hauondoki kwa iliki.

Isipoganda, jaribu kwanza kuvuta mwiko katikati ya sufuria. Njia ikijifunga haraka, maji bado yamo, endelea kupika. Ikibaki wazi na mchanganyiko ukajikusanya pamoja na kuachia kuta, epua. Wengi huepua dakika tano mapema kwa kuogopa kuungua. Sababu nyingine ni kutumia tui zito badala ya maji: mafuta yanajitenga na kashata inabaki laini, inalowesha karatasi. Ikianza kutoa mafuta, punguza moto, ongeza vijiko viwili vya maji ya moto, koroga kwa nguvu mpaka yarudi ndani.

Kashata ya nazi mbichi haina maisha marefu. Nje, kwa joto letu, ihesabie siku mbili. Kwenye friji wiki. Ikianza utelezi au harufu ya pombe, tupa. Kwa zawadi ya kusafiri tumia nazi kavu ya pakiti, au peleka kashata ya karanga tu.

Dalili: mipira ya chokoleti imelegea, haishiki umbo

Usiguse kitu bado. Chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko, weka kwenye friji dakika 20. Kikiganda, mchanganyiko hauna kosa, joto ndilo linalokusumbua: weka wote kwenye friji nusu saa, ufinyange kwa mafungu madogo, alfajiri au usiku.

Kisipoganda, hizi ndizo sababu kwa mpangilio wa kutokea kwake:

1. Maziwa ya kopo yamemiminwa yote. Ongeza biskuti zilizotwangwa vijiko viwili, subiri dakika kumi, angalia tena. Biskuti hunywa polepole. Anayeongeza bila kusubiri anaishia na mipira mikavu kesho yake.
2. Majarini laini ya kupaka mkate imetumika badala ya siagi. Baadhi zina maji mengi na hazigandi vizuri. Hapa maziwa ya unga husaidia kuliko biskuti.
3. Zabibu kavu zimeoshwa na kutiwa mbichi. Zabibu za Dodoma hunogesha sana mipira hii, lakini zikioshwa lazima zikaushwe kwa kitambaa, kisha zianikwe ndani ya chandarua nusu siku. Zikiingia na maji, siku ya tatu utakuta ukungu katikati ya mpira. Toa vijiti na mbegu pia.

Usirekebishe ulaini kwa unga wa ngano mbichi. Unga mbichi hubeba vijidudu, na hapa hakuna moto wa kuviua. Wengine hulazimika kwa kukosa biskuti: basi ukaange unga kwenye kikaango kikavu, ukiugeuza, mpaka unukie na ubadilike rangi, uupoze na kuuchekecha.

Mipira ikipasuka, kakao au biskuti zimezidi. Tia maziwa yale yale ya kopo kijiko cha chai kimoja kimoja. Maji au maziwa ya ng'ombe yatailainisha leo na kuichachisha kesho kutwa.

Dalili: chokoleti ya kuyeyusha imeganda ghafla, nzito na ya mabonge

Tone la maji limeingia. Limetoka kwenye kijiko, mvuke au bakuli lililofutwa nusu. Chokoleti kavu ikipata maji kidogo, sukari na kakao vinashikana. Ajabu ni kwamba inaokolewa na maji mengi zaidi: ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga mpaka ilainike. Haitafaa tena kuvika mipira, lakini inafaa kuchanganywa ndani yake.

Kama hakukuwa na maji, imeungua. Inanuka moshi, na hiyo haina msaada. Yeyusha kwa bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yaliyochemka na kuepuliwa, kitako cha bakuli kisiguse maji. Gramu 200 huyeyuka bila moto kuwashwa tena.

Dalili: chokoleti inayeyuka mkononi, au imepauka

Soma karatasi yake. Chokoleti yenye siagi ya kakao huanza kulegea kabla ya nyuzi 30 na kuyeyuka karibu na 34, kwa hiyo mchana wa Desemba hapa haina pa kujificha. Ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya mboga huvumilia zaidi na huganda bila ufundi mwingi. Ladha yake ni ya chini, ni kweli, lakini kwa sherehe ya nje chini ya turubai ndiyo ya kuchagua. Yenye siagi ya kakao iwekee wageni wa ndani, itolewe kwenye friji wakati wa kula.

Weupe juu ya chokoleti si ukungu. Pitisha kidole: ukifutika na kuacha mafuta, iliyeyuka ikaganda tena. Ukikwaruza, ilipata unyevu, sukari ikatoka juu. Zote zinalika. Viringisha kwenye kakao au nazi kavu, hakuna atakayejua.

Kinachotoka kwenye friji kitoke ndani ya chombo kilichofungwa, na kifuniko kisifunguliwe mpaka chombo kizoee joto la chumba. Jasho litakaa nje ya chombo. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia.

Dalili: ubuyu unashikana bonge moja, haukauki

Ubuyu ni mchachu wenyewe, kwa hiyo kila dakika unayoupika ndani ya shira unazidi kuivunja sukari na kuipa uroho wa unyevu. Pika shira kwanza, peke yake, mpaka iwe nzito na tone lifinyangike. Ndipo uingize ubuyu, koroga dakika mbili tatu kwa moto mdogo, epua, endelea kukoroga mpaka kila mbegu ijitenge. Anayetia ubuyu kwenye maji ya sukari mapema na kungoja yakauke pamoja ndiye anayepata bonge.

Ukiwa umeshashikana: tandaza kwenye sinia, nyunyizia unga mkavu wa ubuyu, tenganisha kwa mikono safi, anika ndani penye upepo ukiwa umefunikwa chandarua. Siku ya mvua usianike kabisa, fungia kwenye kopo usubiri jua.

Rangi iwe ya chakula, yenye maandishi kwenye kifungashio. Unga mwekundu unaopimwa kwa kijiko bila jina, ambao hata muuzaji hawezi kusema ni wa nini, usiutie.

Dalili: zawadi zilikuwa nzuri nyumbani, zikafika zimeharibika

Zilifungwa zikiwa vuguvugu. Mvuke umebaki ndani, umerudi kuwa maji. Kashata ya karanga ipoe saa mbili, ya nazi usiku mzima. Kila aina na kopo lake, maana nazi inatoa unyevu na karanga inaupokea. Tenganisha tabaka kwa karatasi ya kuokea. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Kopo lenye kifuniko au boksi la karatasi ngumu linakaa vizuri zaidi hata hivyo. Kwa basi la kwenda Kondoa, Mpwapwa au Dar es Salaam, tuma kashata ya karanga. Chokoleti kwenye buti la basi ni hasara.

Acha kazi, tafuta mtaalamu

Shira ya kashata ina joto kubwa kuliko maji yanayochemka, na inang'ang'ania ngozi. Ikikumwagikia, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Malengelenge makubwa, jeraha la usoni, mikononi au kwenye kiungo, au aliyeungua akiwa mtoto: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, maji yakishafanya kazi yake.

Usichemshe kopo la maziwa lililofungwa ili yawe karameli. Maji yakikauka linapasuka, na linapasukia usoni. Mimina maziwa kwenye sufuria, koroga kwa moto mdogo.

Mvua ikiwaingiza ndani na jiko la mkaa, acheni mlango na madirisha wazi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mkaa, wote watoke nje mara moja, na asiyepata nafuu apelekwe hospitali. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi, toka, mwite fundi au aliyekuuzia mtungi. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Aliyekula karanga akavimba midomo au macho, akatokwa vipele au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali sasa hivi, asisubiriwe. Andika kwenye kila boksi kilichomo: karanga, maziwa, ngano, ufuta. Watoto walio chini ya miaka mitano wape iliyosagwa. Karanga nzima huwakaba. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chenye asali.

Na ukianza kupokea oda za kuuza badala ya kugawa, jiko la nyumbani halitoshi tena. Usajili wa majengo na bidhaa za chakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na ofisi ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) Dodoma ndiyo ya kuanzia kwa anayehitaji mafunzo ya usindikaji na vifungashio. Nenda mapema mwakani, si wiki ya Krismasi.